Alamu ya saa tisa usiku: tatizo lilikuwa kwenye boneti

Kwa wiki tatu alamu ya gari langu la mwaka 1998 ilikuwa ikilia saa tisa usiku. Asubuhi betri hoi. Nilibadilisha betri ya rimoti, kisha ya gari. Wapi! Hata king'ora kipya hakikusaidia.

Mwishowe nikachomoa waya wa swichi ya boneti, ile yenye kipini kinachobonyezwa boneti ikifungwa. Siku mbili kimya. Nikasugua kutu kwa msasa, nikapima kwa mita: kipini kikibonyezwa, umeme haupiti, yaani alamu inajua boneti imefungwa. Safi. Nikarudisha waya, ikalia tena! Kumbe kofia ya mpira juu ya kipini imelika, boneti haikigandamizi sawasawa. Nikabandika kipande cha kandambili, milimita tatu hivi. Mwezi sasa, majirani wananisalimia tena.