Mama alikuwa anadondoka Alhamisi, kumbe ni dawa (uzoefu wangu)

Niseme mapema mi sio daktari, ni mtoto tu wa mama mwenye sukari na presha. Mama ana miaka 74, anakaa Muheza na dada yangu, mi niko Dar. Mwaka jana dada akaanza kupiga simu, mara mama kadondoka chooni, mara kadondoka uani, anatoka jasho anatetemeka anaongea vitu havieleweki, na kila ikitokea sisi wote tunasema hiyo presha imepanda, dada anampa kidonge cha presha cha ziada anamlaza. Naandika hapa naona aibu ila ndo tulivyokuwa tunafanya.

Mara ya tatu akapasuka juu ya jicho, nikapanda basi la alfajiri.

Nilipofika nikamwambia dada tusichague, kila kidonge kilichomo humu ndani kiingie kwenye kapu, hata vilivyopitwa na wakati. Zikapatikana bahasha tisa. Zingine zimeandikwa 1x3 tu kwa kalamu, jina la dawa hakuna. Mama akasema "hizo ndo zote, baba". Tunapanda bajaji namwona anashikashika pindo la kanga, kumwomba afungue, piritoni kama ishirini zimefungwa kwenye kipande cha gazeti! Kapewa na jirani za kumletea usingizi. Ikawa kumi.

Pale hospitali tulikutana na daktari binti mdogo tu, akamwamkia mama, "shikamoo bibi", akamwaga kapu lote mezani, akaanza kupanga kama mtu anapanga karata. Nilidhani atapima presha kwanza, yeye akauliza hivi anadondokaga siku gani? Dada akafikiria, akasema mara mbili hizi ilikuwa Alhamisi, ile ya kwanza Jumatatu. Daktari akamgeukia mama, "Bibi, unafunga?" Mama akasema ndio mjukuu wangu, sunna, Jumatatu na Alhamisi, tangu niko msichana.

Basi hapo ndo mambo yakafunguka. Mama alikuwa anatumia glibenklamidi ya sukari, na hiyo dawa haijali umekula au hujala, inaendelea kulikamua kongosho litoe insulini, na kwa mzee ambaye figo zimechoka inakaa mwilini muda mrefu. Kwa hiyo ameze kidonge wakati wa daku, ashinde na njaa, alasiri sukari iko chini kabisa, jasho, kutetemeka, chini. Na sisi tunamwongezea kidonge cha presha badala ya kumpa maji ya sukari! Daktari akasema hata orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema hiyo haiwafai waliovuka miaka 60, baadae nikaitafuta mwenyewe nikaikuta kweli. Ile ikasimama siku hiyohiyo, akabaki na metformini, nayo ya sukari.

Zingine sasa. Amlodipini, dawa ya presha, zilikuwa mbili, moja ya hospitali ya milimita... samahani, miligramu 10, nyingine ya zahanati ya 5, rangi tofauti boksi tofauti, mama anajua ni dawa mbili. Zikamvimbisha miguu. Alipoenda sehemu nyingine kulalamika miguu akapewa furosemidi ya kukojoza, ndo maana usiku anaamka mara nne kwenda choo cha nje gizani, kichwa chepesi. Magoti yakiuma ananunua diklofenaki duka la dawa, hiyo nayo inapandisha presha na kuumiza figo, ikamchoma tumbo akapewa omeprazoli. Yaani dawa inazaa dawa. Ile piritoni ndo ilikuwa inamfanya asubuhi aongee vitu vya ajabu, sisi tunasema uzee.

Simlaumu mtu mmoja hapa manake kila aliyeandika alikuwa na sababu yake, ila hakuna hata mmoja aliyeona kapu zima. Nilichoudhika nacho ni hizo bahasha zisizo na jina, hiyo hapana.

Hakuziondoa zote kwa mpigo. Kwanza alipima figo, akatoa glibenklamidi, diklofenaki, piritoni na ile amlodipini ya 10. Wiki mbili baadae miguu imepungua, ndo akatoa furosemidi na omeprazoli, akaweka losartani, nayo ya presha. Humo kulikuwa na aspirini pia, akauliza bibi umewahi kupata kiharusi au shida ya moyo, hajawahi, akaitoa pia kwa sababu inaweza kumtoa damu tumboni. Akatuonya kuna dawa zingine ukiacha ghafla zinadhuru, kwa hiyo tafadhali usichukue story yangu ukaenda kumwaga dawa za bibi yako.

Sasa hivi ana tatu za kila siku, na panadoli magoti yakisumbua. Dada kabandika karatasi ukutani, jina la dawa, ya nini, saa ngapi, na akienda kokote anabeba hiyo karatasi.

Kufunga hajaacha, daktari alimshauri apumzike kidogo akakubali kwa mdomo tu. Ila hajadondoka tena. Mwezi uliopita nimeenda kumsalimia, nanyanyua mto nikunje shuka, nakuta gazeti limekunjwa. Piritoni sita. "Za jirani hizo," akasema, "namtunzia."