Kipande cha Kandambili

Kwa zaidi ya miaka 30 mjomba alikuwa akizirudisha ndege za watu hewani, na hakuna hata moja iliyodondoka kwa kazi ya mkono wake. Ya kwanza ilikuwa ya kwangu. Aliitosa baharini magharibi ya Fumba, Unguja, Idd Pili ya 2021, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chumbani kwangu Tabata, sahani ya pilau ikimsubiri juu ya kitanda.

Alikuwa fundi wa ndege ndogo pale uwanjani Dar, zile zinazoondokea Terminal One kwenda Unguja, Mafia na mbugani. Sehemu kubwa ya maisha yake iliishia kwenye Cessna Caravan. Rubani hakuwa, ila ikitoka kwenye matengenezo makubwa alipanda na rubani kwenda kuijaribu. Umefunga mwenyewe, panda mwenyewe. Kwa hiyo alipostaafu, akasikia kwa mama kwamba mpwa wake "anarusha ndege kwenye kompyuta", alicheka kwa adabu na kusema siku moja atakuja kuona.

Mimi nilikuwa nimeshajiona mkubwa. Nilikuwa na simuleta ya Microsoft, ile iliyotoka Agosti 2020, na joystiki ya Thrustmaster T.16000M pamoja na throto yake (mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini), ambayo haiinuki na kulala kama leva bali inateleza mbele na nyuma kwenye reli. Rafiki alinibebea kutoka Dubai ndani ya begi la nguo. Mpangilio wake ndio ulionila usiku mwingi kuliko hata kuruka kwenyewe. Nilikuwa na profaili tatu, yaani mipangilio niliyoihifadhi: moja ya Cessna 172, moja ya Caravan, moja ya Airbus A320. Kabla ya kuruka unachagua mwenyewe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa kwenye Airbus. Throto ya Airbus ina vituo kama daladala: IDLE ya injini kupumzika, CL ya kupanda, FLX na TOGA za kupaa. Ukishapaa unairudisha kituo cha CL na kuiacha hapohapo. Kompyuta inapandisha na kushusha nguvu, leva yenyewe haisogei hata nywele. Vituo hivyo nilivichora kwa vipande vya selotepu pembeni mwa reli. Na kwa kuwa nilitaka breki ya injini nikishatua, nilichagua mhimili (kipimo cha mwendo wa throto) unaoanzia hasi mia hadi chanya mia, kisha kwa kitelezi cha kusogeza sifuri nikaishusha IDLE karibu kabisa na mwisho wa nyuma. Chini ya hapo, sentimita mbili hivi, ni rivasi. Kwenye Airbus hilo halina hatari, maana ukiivuta ukiwa angani hairuhusu mpaka magurudumu yaguse chini.

Mjomba akaja. Shikamoo, marahaba, mkono wa Idd, pilau. Nikamwekea Caravan, Dar kwenda Zanzibar, na kwa kiherehere cha kumfurahisha sikukumbuka kubadilisha profaili.

Kupaa alipaa vizuri mno. Zanzibar iko kaskazini tu, kilomita 70 na kitu, na njiani alikuwa akinisomea saa za injini kwenye dashibodi kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. "Hii ni ile mpya, nguvu za farasi 867. Zetu zilikuwa 675." Akaniuliza leva nyingine mbili ziko wapi. Nikamwambia ya pangaboi iko kwenye kile kigurudumu cha kuzungusha kwa kidole, na ya kukata mafuta iko kwenye kibodi. Akanitazama juu ya miwani, hakusema neno.

Tukaikaribia ranwei 36, Fumba upande wa kulia, futi 400, mwendo wa noti 85, flapsi (vibawa vya nyuma ya mabawa) zote chini. Akaona tuko juu kidogo. Akafanya ambacho mkono wowote uliozoea Caravan ungefanya: akaivuta throto nyuma mpaka igome.

Haikugoma kwenye idle. Iligoma mwisho wa reli.

Sauti ya injini ilibadilika kwanza, ikanguruma badala ya kutulia. Pua ikainama, bahari ikajaa kioo kizima, na kabla sijasema "mjomba, sukuma mbele" skrini ilishakuwa nyeusi.

Alibaki ameshika throto. Kisha akauliza taratibu, kama anavyouliza fundi aliyekuta nati imebaki mezani, "Nani katoa stopa?"

"Stopa gani, mjomba?"

Akanieleza. Kwenye Caravan halisi, ukiivuta leva ya nguvu inafika idle na kugonga kizuizi. Kupita hapo lazima uinyanyue kwa makusudi, ndipo mapanga yageuke yaanze kusukuma upepo mbele badala ya kuuvuta. Hiyo unaifanya chini, magurudumu yakiwa kwenye lami. Angani ni marufuku, na kinachokulinda ni hicho kichuma kidogo tu pamoja na akili yako. "Nimekibadilisha mara ngapi kichuma hicho," alisema. "Wewe umekifuta."

Nikaona aibu, nikafungua haraka profaili ya Caravan, ambayo mhimili wake ulianzia sifuri. Hapo haiwezi tena kwenda rivasi, nikamwambia, tatizo limekwisha. Akakataa. Caravan isiyo na rivasi ataitua wapi, kwenye lami ya kilomita tatu kila siku? Na vile viwanja vya mbugani?

Pilau lilipoa. Alivuta kiti, akataka nimwoneshe mistari yote ya mpangilio, mmoja baada ya mwingine. Ule mchoro uliopinda wa wepesi wa joystiki ulimkera kwanza, halafu ukamvutia. Akafumba macho, akaisukuma na kuivuta mara kadhaa. "Hii springi haijui kasi," akasema. "Ndege ikisimama usukani ni mwepesi. Ikikimbia, unakaza. Hapa uko palepale, umeegesha au unaruka." Tukapunguza wepesi wa katikati hadi hasi 40 kwa upande wa pua, kwa sababu pua ya Caravan ni nzito, na hasi 20 tu kwa mabawa. Namba hizo alizipata kwa mkono. Tuliruka mzunguko mmoja, akasema bado, tukashusha, tukaruka tena. Ya kukata mafuta aliitoa kwenye kibodi, akaiweka kwenye vitufe viwili vya kubonyezwa kwa pamoja, ili paka asije akapita akazima injini.

Kilichobaki ni stopa. Akatoka, nikasikia mlango wa uani, akarudi na kandambili moja ya bluu na wembe. Alikata kipande cha soli chenye upana wa kidole gumba, akakipima kwenye reli, akakipunguza, akakipima tena. Kisha supagluu. Tulisubiri ikauke huku akikibonyeza kwa ncha ya kijiko cha pilau.

Nikarudisha mhimili wa hasi hadi chanya na kusogeza sifuri mpaka idle ikaangukia pale throto inapogusa mpira, sio unywele mbele wala nyuma. Hilo peke yake lilituchukua karibu saa nzima. Ukiivuta kawaida, inagota. Ukitaka rivasi, unaukandamiza mpira kwa nguvu, na mkono unajua kabisa kwamba unavuka mpaka.

Ilikuwa imeshaadhiniwa Isha tulipofika tena futi 400, Fumba kulia. Mjomba akavuta, throto ikagota, Caravan ikashuka kistaarabu.

"Nani kanikatia kandambili yangu ya chooni?" mama aliita kutoka uani.

Mjomba hakugeuka. "Mwambie tuko fainali, tunatua," alininong'oneza.

Tairi zikagusa. Akaukandamiza mpira.