Debe na Mwavuli

Jumamosi mjukuu wangu aliupitisha mwavuli kwenye nondo za dirisha, akaufungulia nje. Tuko ghorofa ya tatu. Mwavuli ukaganda wazi, ukakataa kujikunja, na kuurudisha ndani haiwezekani. "Babu, umekwama," akaniambia, machozi yakimlengalenga. Sikuweza kumkaripia. Nilikuwa nimeshafika Ngomeni, kijiji chetu cha pwani ya Kenya, mwaka 1979.

Ilikuwa Julai, mwezi wa Shaabani, na redio haikuwa na neno ila Skylab. Kituo cha anga cha Wamarekani, tani zaidi ya 70, kinaanguka, na hakuna ajuaye kitaangukia wapi. Sisi hatukuhitaji kuelezwa roketi ni nini. Majukwaa ya Wataliani ya kurushia roketi, ya San Marco, tuliyaona baharini kila siku, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale pale, tarehe 12 Desemba 1970. Tulijua vyuma hupanda, basi na kushuka vinashuka. Mama alitukataza kulala uani.

Jumatano tarehe 11, mwalimu wetu wa sayansi alikuja na debe tupu la mafuta na mwavuli mweusi. Akatutoa nje. Akaliinamisha debe juu ya madawati mawili yaliyoachana, mdomo chini. Kitako alikuwa amekitoboa tundu la upana wa ngumi. Tukalisubiri lipate jua.

"Gusa."

Niligusa, nikautoa mkono mbio.

"Hii ndiyo Skylab, Mei 1973," akasema. Ilirushwa tarehe 14, na dakika moja tu baadaye kinga yake ya nje ikang'oka, ikaondoka na bawa moja la kuvuna umeme wa jua; bawa la pili likanaswa na kipande cha bati. Ndani joto likapita nyuzi 50. Siku kumi na moja baadaye wanaanga Conrad, Kerwin na Weitz wakaifuata.

Hapo akachuchumaa kati ya madawati, akaingiza mwavuli uliofungwa ndani ya debe. Ncha ikachomoza tunduni polepole, kama kichwa cha kobe. Akausukuma, akausukuma tena, mpaka kitambaa chote kikatoka. Kisha paa! Ukafunguka. Ubavu mmoja ulikuwa umeshonewa kwa uzi mweupe. Hadi leo nauona. Mwalimu alibaki chini vile vile, mkono umezama ndani ya debe, jasho likimdondoka puani, akingoja. Hakuna aliyesema neno. Watoto arobaini kimya, tunatazama kivuli.

"Gusa sasa."

Bati lilikuwa limepoa.

Ndivyo walivyofanya kule juu, kwa kupitia tundu dogo la ukutani lililotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya utafiti. Wiki mbili hivi baadaye Conrad na Kerwin wakatoka nje, wakakata lile bati, bawa likafunguka. Na taabu yote hiyo, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya kulitazama jua, kwa darubini ambazo filamu zake ilibidi mtu avae suti atoke akazichukue. Makundi matatu yalikaa humo: siku 28, siku 59, siku 84. Wa mwisho waliondoka Februari 1974. Hakuna aliyerudi.

Jioni nilimsimulia baba, yuko mchangani anashona nyavu. Akauliza, "Na kamba ya kukivutia hawakukifunga?"

Usiku ule ule, kama saa moja u nusu, Skylab ilianguka, vipande vingine katika bahari yetu hii ya Hindi, kusini kabisa, vingine magharibi mwa Australia. Hakuumia mtu.

Kesho yake nilimuuliza mwalimu swali la baba. Akasema chombo kipya ambacho kingekwenda kukisukuma juu kilikuwa bado hakijawa tayari, na jua lenyewe lilichachamaa kuliko walivyokadiria, hewa nyembamba ya huko juu ikavimba, ikakikwamiza kikashuka. Nilimpelekea baba jibu hilo kama lilivyo. Alikaza fundo, akatazama baharini.

"Maskini," akasema. "Nyumba ya watu ile."

Sisi wote tulikuwa tumejiogopea wenyewe tu. Sijui yeye aliionaje hivyo, na sikuwahi kumuuliza.

Mwavuli bado uko dirishani. Mchana chumba kina kivuli, na mjukuu wangu huwa anakwenda kuushika ukuta.