Nilivyoyamudu Maneno ya Kiingereza Yanayofanana Mwanzoni

Kama wanafunzi wengi wa Tanzania, nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na nilipoingia kidato cha kwanza nikakuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Maneno yaliyonichanganya kupita yote ni yale yanayoanza kwa herufi zilezile. Msaada niliupata katika Kiswahili chenyewe: anayejua tofauti ya mtoto, kitoto na utoto amekwisha kuzoea maana inayobebwa na mwanzo wa neno. Nikatenga daftari, kila kiambishi awali kikapewa ukurasa wake.

Ukurasa ulionifaa zaidi katika baiolojia ulikuwa wa hyper na hypo, viambishi vyenye asili ya Kigiriki, cha kwanza kikiwa na maana ya kuzidi na cha pili ya kupungua au kuwa chini. Chembe nyekundu ya damu ikiwekwa katika mmumunyo ulio hypotonic, yaani wenye chumvi chache kuliko iliyomo ndani ya chembe, maji huingia mpaka ikavimba na kupasuka. Katika ulio hypertonic maji hutoka, nayo husinyaa. Nilipoyashika hayo mawili, sikuhitaji kukariri hypertension, shinikizo la juu la damu, wala hypodermic, sindano ya chini ya ngozi.

Kwa un nilikuwa nikifunika herufi hizo mbili kwa kidole na kutazama kilichobaki. Unhappy huacha happy, neno kamili lenye maana iliyo kinyume, lakini uncle, yaani mjomba au baba mdogo, halibakizi neno lolote, kwa hiyo halikuwa na haki ya kukaa katika ukurasa ule.

Kwa in kidole hakitoshi, na hapa ningemsihi kila mwanafunzi awe makini, kwa sababu ziko in mbili. Moja hukanusha, kama katika incomplete, isiyokamilika, nayo hubadilika kufuata herufi inayofuata: impossible, illegal, irregular. Nyingine ina maana ya ndani, kama inhale, kuvuta hewa ndani. Neno inflammable, linaloandikwa kwenye matangi ya mafuta, huonekana kana kwamba linakanusha, ilhali limetokana na inflame, kuwasha, na maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na flammable. Kisichoshika moto huitwa nonflammable. Neno hilo nililipigia mstari mwekundu, kwani kulielewa kinyume kunaweza kugharimu maisha.

Ante na anti nilizipambanua kwa antenatal, kliniki ya mama kabla ya kujifungua, na antibiotic, dawa inayopambana na bakteria. Anticipate, kutarajia, huandikwa kwa i ingawa asili yake ya Kilatini ni ante, kabla. Nililiweka katika ukurasa wa ante, pamoja na maelezo mafupi ya sababu.