Kadi za sentensi za Kiingereza: sehemu ya virai vya mwanzo

Hizi ni kadi ambazo wanafunzi wanazipanga mezani kuunda sentensi; "imekamilika" au "inaendelea" kwenye kichwa inahusu kazi ya kuandaa kadi za kundi hilo. Seti iliyotangulia ilihusu sentensi za wakati uliopita zinazoanza na kiima. Sehemu hii inashughulikia zile zinazoanza na kirai kihusishi, yaani fungu la maneno linaloongozwa na kihusishi kama "in" au "on": "In 1961, Tanganyika became independent". Walengwa ni wanafunzi wa sekondari na watu wazima wenye maneno ya kutosha, ila wakisimulia habari za zamani wanakwama pale pale mwanzoni.

Vifaa

Karatasi ya manila ya ukubwa wa A1 inatoa vipande 24 vya sm 7 kwa 28. Kwa urefu inabaki milimita moja tu, kwa hiyo kata kwa wembe na rula ya chuma. Mkasi utakupotezea kipande. Buluu ni ya kirai, nyeupe ya kiima, njano ya kitenzi na yote yanayokifuata. Koma ina kadi yake ndogo, sm 7 kwa 4. Ukiiandika kwenye kadi ya buluu, mwanafunzi hapati nafasi ya kuamua, tena kadi hiyo haiwezi kuhamia mwisho wa sentensi, ambako koma haitakiwi. Herufi kubwa nayo ina tatizo kama hilo. Dawa yake ni kuandika pande zote mbili: upande mmoja "In 1901", wa pili "in 1901". Kadi nyeupe vilevile: "The railway" huku, "the railway" kule.

In, on, at: imekamilika

Kundi hili halina mengi. Kiswahili kinasema mnamo mwaka 1896, mnamo tarehe 27 Agosti, mnamo saa tatu, neno moja kwa yote. Kiingereza kinapima ukubwa wa kipindi: mwaka, mwezi na karne ni "in", siku na tarehe ni "on", saa ni "at". Penye utelezi ni asubuhi na jioni. Asubuhi ikiwa peke yake ni "in the morning", ila ikifungwa kwenye siku maalumu inageuka: "On the morning of 27 August 1896, British ships opened fire on the Sultan's palace in Zanzibar." Mizinga ilianza kulia muda mfupi baada ya saa tatu, kwa hiyo kadi inasema "At about nine o'clock". Tumeweka na ya mtego, "At about three o'clock", maana kosa la saa sita hupita bila kuonekana hata kama sarufi yote ni sahihi.

Kadi za "last year", "yesterday" na "two years ago" zimo humu bila kihusishi chochote. "In last year" na "before two years ago" zinatupwa.

Kirai kinachokibana kitenzi: imekamilika

Hapa ndipo uzito wa mradi ulipo. Kirai cha mwanzo kikishawekwa mezani, kadi nyingi za njano hazifai tena. Kila kadi ya buluu ina alama ya penseli nyuma inayoonyesha njano inazokubali, ili wanafunzi wajisahihishe wenyewe.

Tarehe iliyokwisha, mfano "In 1961", inakataa "has" na "have". Kiswahili cha mazungumzo kinavumilia "nimezaliwa mwaka 1990", na mwanafunzi anayeibeba "-me-" hiyo anatoka na "In 1990 I have been born". Njano inayofaa ni "was born".

"By" ni ukomo: jambo lilikuwa limeshatimia kabla ya hapo au hapo hapo. Kitenzi cha tendo kinataka "had": "By the end of 1963, Tanganyika, Uganda, Kenya and Zanzibar had gained independence." Kitenzi cha hali hakina haja nayo: "By the end of 1963, all four were independent" ni sawa kabisa. Vitabu vingi vya mazoezi vinasema "by" lazima ifuatwe na "had", ndiyo maana tumetenga njano mbili.

"Since" karibu ifukuzwe kwenye seti hii. Inavuta habari mpaka sasa: "Since 1964, Tanganyika and Zanzibar have been one country." Ukitaka kipindi kilichoanza na kikaisha, chukua "from": "From 1970 to 1975, workers built the railway between Dar es Salaam and Kapiri Mposhi." Angalia jozi zisichanganyike. "From" huenda na "to" au "until", "between" huenda na "and" tu: "Between 1593 and 1596, the Portuguese built Fort Jesus at Mombasa." "Between 1593 to 1596" ndiyo inayoandikwa sana kimakosa, hata magazetini.

"For" na "during" zinachanganywa kwa sababu "katika miaka mitano" yetu inaweza kusimama mahali pa zote mbili. "For" hujibu kwa muda gani, na nyuma yake kuna kipimo: "For five years, workers laid track." "During" hujibu lini, na nyuma yake kuna jina la tukio au la kipindi: "During the construction". "During five years" haipo.

Kiima kinapopotea au kuzidi: inaendelea

Katika "mjini kulikuwa na shule mbili", mahali ndiko kunakobeba kitenzi. Mwanafunzi anahamisha hivyo hivyo: "In the town had two schools." Meza ya kadi inamwumbua, kwa kuwa hakuna nyeupe kati ya buluu na njano. Kadi nyeupe ya "there" inaziba pengo: "In the town there were two schools."

Kosa la upande wa pili ni "In 1901 the railway it reached Lake Victoria". Kiambishi "i-" cha "ilifika" kimepewa neno lake, "it". Sheria mezani: nyeupe moja tu.

"After" na kitenzi chenye "-ing" vinadai kitu zaidi. Mtendaji wa kirai lazima awe ndiye kiima. "After leaving Mombasa, Vasco da Gama reached Malindi" ni sawa. "After leaving Mombasa, Malindi welcomed Vasco da Gama" inasema Malindi ndiyo iliyong'oa nanga. Kwa Kiswahili msikilizaji angeelewa na kupita. Msomaji wa Kiingereza anacheka. Badili nyeupe, au andika "After he left Mombasa".

Mpangilio unaogeuka

Kwa kawaida kirai cha mwanzo hakigusi mpangilio: kiima kwanza, kitenzi baadaye. Kuna vighairi viwili. Kirai cha mahali pamoja na vitenzi kama "stood", "lay", "sat" na "came" kinaruhusu kitenzi kitangulie: "On the hill stood a fort." Kiima kikiwa kiwakilishi, hairuhusiwi, kiima kinabaki mbele ya kitenzi: "On the hill it stood." Kirai cha kukanusha kinalazimisha "did" au kitenzi kisaidizi kingine: "At no time did the town surrender." Njano za kundi hili zimekatwa vipande viwili ili "did" isogezwe.

Koma

Tumeiweka mwisho kwa makusudi. Walimu wengi wanaanza nayo, na wanafunzi wanaishia na koma safi juu ya kitenzi kibovu. Kirai kifupi cha maneno mawili au matatu kinaweza kuiacha. Kirefu kiwe nayo. Andiko moja lishike mtindo mmoja. Ni lazima pale namba mbili zinapogusana, "By 1970, 12 schools had electric light", na pale jicho linapoweza kuunganisha yasiyohusiana: "During the war ships carried troops" inasomeka kama "war ships" mpaka koma iingie baada ya "war". Tarehe ya mtindo wa Marekani hubeba koma mbili, "On December 9, 1961, Tanganyika…". Ya Uingereza, "On 9 December 1961", haina ya ndani. Sentensi ya "On the hill stood a fort" haipewi koma kamwe.

Zoezi la kuhamisha: "On 2 February 1974, Filbert Bayi set a world record in Christchurch." Buluu ikienda mwisho, mahali hutangulia wakati: "in Christchurch on 2 February 1974". Koma inaondoka, herufi kubwa inahamia kwenye kiima. Katika aya ya sentensi sita, virai viwili au vitatu mbele vinatosha. Vikiwa sita, aya inasomeka kama kalenda.

Kilichobaki

Kadi za "until" hazina boksi bado. "Until 1964, they were separate states", yaani Tanganyika na Zanzibar, inakaa na virai vya kawaida, kwa kuwa ni hali iliyodumu. "Until 1964, they united" haifai, maana kuungana ni tendo la mara moja. Ukitaka kusema hawakuungana hadi 1964 na kirai kiwe mbele, unapata "Not until 1964 did they unite", na hiyo ni ya boksi la mpangilio unaogeuka. Huenda tukaandika "Not" kwenye kipande chake cha sm 4, kama koma.