Vijinzi vya vyungu vya maua huku Ulaya: funga mkono wa maji kwanza

Msimu wa baridi ukianza, watu wa Mombasa walio ughaibuni huulizana swali lile lile: vijinzi vya vyungu vya maua vinamalizwaje? Vijinzi vyeusi vimejaa kwenye mrehani wa dirishani, vinatumbukia kwenye kikombe cha chai, vinampitia mtu puani akiangalia simu, na dawa ya kupuliza haifui dafu. Jibu fupi ni kuacha kumwagilia maji. Mengine yote ni ya kumalizia kazi ambayo ukavu umeshaianza.

Ila kwanza jua ni mdudu gani. Kijinzi cha udongo ni cheusi, chembamba, chenye umbo la mbu mdogo, urefu wake milimita 2 hadi 4. Hakina nguvu ya kuruka mbali. Hukimbia juu ya udongo, na ukitikisa chungu vinaibuka vichache na kutua tena hapo hapo. Mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva ni nzi wa matunda, na mwenye mbawa za manyoya anayeganda kwenye ukuta wa bafu ametoka kwenye bomba la maji machafu. Hao wawili usiwatafute kwenye vyungu. Ule mtego wa siki na tone la sabuni ni dawa ya nzi wa matunda. Vijinzi vya udongo huvutwa nao kidogo tu, kwa hivyo mtu hunasa viwili vitatu akadhani amefaulu.

Kama bado una shaka, kata kipande cha kiazi ulaya kibichi, unene wa sentimita moja, ukikandamize juu ya udongo na kukiacha siku mbili au tatu. Kiinue ukitazame upande wa chini. Ukiona mabuu membamba, meupe kama kioo, yenye kichwa cheusi kinachong'aa, umepata jibu. Kiazi hicho kitupe na uweke kingine, maana kila kipande kinaondoka na mabuu yake.

Dawa ya kupuliza hushindwa kwa sababu inaua vile vinavyoruka tu, navyo umri wao ni kama wiki moja. Jike mmoja hutaga mayai mia na zaidi kwenye udongo wenye unyevu. Nyumba ikiwa na joto la nyuzi 24 hivi, mayai huanguliwa kwa siku 3, mabuu hula kwa siku 10 hivi, hukaa bundo (hatua ya kugeuka kuwa mdudu kamili) siku 4, kisha kizazi kipya kinatoka. Chakula chao ni kuvu na vitu vinavyooza, na vikipungua huhamia kwenye vijizizi laini. Mti mkubwa utavumilia. Mche mchanga hunyauka, nawe ukidhani una kiu unauongezea maji.

Na hapo ndipo watu wetu wanapokosea. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, chungu kiko barazani, upepo wa baharini unapita. Ukimwagilia asubuhi, alasiri udongo wa juu umeshakauka. London mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa 8. Mmea umepunguza kunywa, dirisha limefungwa, chungu ni cha plastiki, tena kimetumbukizwa ndani ya chungu cha pambo kisicho na tundu, na chini yake kuna maji yaliyosimama. Hita inakausha hewa, ncha za majani zinakuwa kahawia, na mama kwenye simu anasema, "Mwanangu, umwagie maji huo mti." Maneno yake ni ya haki kwa Kibokoni au Majengo, huko Mombasa. Huku ni kuwalisha wadudu.

Udongo wenyewe nao unadanganya. Udongo wa pakiti unaouzwa madukani huku ni mboji karibu tupu, na mwingi umechanganywa na usumba wa makumbi ya nazi. Usumba hukauka juu ukabadilika rangi, huku chini ukiwa chepechepe. Usiamini macho. Chukua kijiti cha mshikaki, kichome hadi sentimita 5, kiache dakika chache, ukichomoe. Kikitoka na udongo ulioshikamana au alama ya unyevu, ondoka, rudi baada ya siku kadhaa. Njia nyingine ni kuinua chungu. Ukishazoea uzito wake kikiwa kikavu, huhitaji kijiti tena.

Mshubiri unaweza kukaa wiki tatu au nne bila tone wakati wa baridi na usishtuke. Asumini na mpilipili ngoja hadi sentimita 3 hadi 5 za juu zikauke. Mrehani ndio mkorofi, ukiukausha kabisa unalala chali, kwa hivyo unyweshe kwa chini. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 hivi kwa dakika 20 hadi 30, kisha kitoe kichuruzike vizuri kabla ya kukirudisha. Mizizi inakunywa, juu panabaki pakavu, na mayai hayapendi pakavu. Kila baada ya miezi miwili mitatu mwaga maji mengi kwa juu mara moja, yatoke chini, kwani kunywesha kwa chini peke yake hulimbikiza chumvi za mbolea.

Juu ya udongo unaweza kutandaza mchanga mkavu wa chembe nene, sentimita 1 hadi 2. Mchanga hukauka haraka na kuwanyima majike pa kutagia. Lakini mchanga juu ya udongo uliolowa haufai kitu, na vijinzi hutoka pia kwa matundu ya chini ya chungu, hivyo wanaoutegemea peke yake hukata tamaa. Walio Mombasa wasichote wa ufuoni, maana chumvi yake itaua mmea kabla ya mdudu. Tumia mchanga wa mjengo wa chembe nene, uoshe, uanike.

Kuna mazoea ya jikoni ambayo barazani hayana neno lakini ndani ya nyumba ni karamu ya vijinzi: makapi ya chai, maji ya mchele, maji ya kuoshea samaki, maganda ya ndizi. Yote huotesha kuvu, na kuvu ndio chakula cha mabuu. Kahawa iliyotumika ni hivyo hivyo, hata kama mitandaoni wanaisifu. Mdalasini juu ya udongo hauna madhara, ila usiutegemee. Ubaki kwenye pilau.

Kwa vinavyoruka, tumia kadi za manjano zenye gundi. Wengi huzisimamisha kwa kijiti, lakini zikilazwa karibu na uso wa udongo hunasa zaidi, kwa kuwa vijinzi hivi haviendi juu sana. Ukikosa za dukani, kata kipande cha mtungi wa plastiki wa manjano na ukipake mafuta mazito ya kujipaka. Kadi haimalizi tatizo, faida yake kubwa ni hesabu. Badilisha kila wiki uone kama idadi inashuka.

Nyumba ikiwa imejaa, nunua kiumbe cha kuyaua mabuu. Marekani ni rahisi kupata chembe za Bti, yaani bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, zinazouzwa kwa ajili ya viluwiluwi vya mbu. Loweka vijiko vikubwa 4 kwenye lita 4 za maji kwa nusu saa, chuja, umwagilie kwa maji hayo. Bakteria hao hawadumu udongoni, kwa hivyo rudia kila wiki kwa wiki tatu au zaidi. Soma jina lote. Ile ambayo jina lake linaishia na kurstaki ni ya viwavi wa mboga na haitagusa kijinzi.

Uingereza na sehemu nyingi za Ulaya zinazopatikana zaidi ni nematodi, minyoo isiyoonekana kwa macho iitwayo Steinernema feltiae. Huja kwenye pakiti yenye tarehe ya mwisho. Zihifadhi kwenye friji, kamwe si kwenye friza. Changanya na maji ya kawaida, koroga kila mara kwa sababu huzama, na umwage jioni juu ya udongo uliolowa kidogo. Hapa unavunja sheria ya ukavu kwa wiki mbili, kwani minyoo huogelea kwenye unyevu kumfuata buu. Joto la udongo likipita nyuzi 30 minyoo hufa, kwa hivyo usiweke chungu juu ya hita.

Kuhusu mwarobaini, najua utauliza. Kinachofanya kazi ndani yake, azadirakitini, kimo zaidi kwenye mbegu kuliko majani, na joto na jua hukiharibu. Maji ya majani yaliyochemshwa ni bahati nasibu.

Na walioko nyumbani kwenye fleti za Nyali na Tudor zenye AC na madirisha yaliyofungwa, masika ya Aprili na Mei yanawaletea shida hii hii. Miche ya vitaluni mara nyingi huja kwenye mfuko wa nailoni wenye samadi ambayo haijaoza vizuri. Itenge barazani wiki mbili tatu kabla ya kuiingiza ndani.

Chungu kilichooza kabisa, chenye udongo wa harufu ya tope, hakifai kutibiwa. Ng'oa mmea, kung'uta udongo, osha mizizi, kata iliyo laini na nyeusi. Udongo wa zamani ufunge kwenye mfuko utoke nyumbani siku hiyo hiyo, na chungu kisuguliwe kwa sabuni. Udongo mpya umwagie maji yanayochemka ndani ya ndoo, funika, uache upoe kabisa hadi kesho yake, kisha panda. Pakiti iliyobaki ifunge mdomo kwa kibanio. Ikiachwa wazi jikoni vijinzi vitataga humo.