Nilivyojifunza Kuishi na Simu Nzuri Isiyomaliza Siku

Niliinunua simu hii mwezi Julai mwaka uliopita katika duka moja la Barabara ya Luthuli, baada ya kuweka akiba kwa miezi saba, na kilichonifanya niichague ni urembo wake. Unene wake haufiki milimita 7, mgongo wake ni wa kioo cha samawati kinachoingia uzambarau unapokielekeza kwenye mwanga, na kingo za skrini zimepinda kiasi kwamba kidole hakitambui mahali kioo kinapoishia na chuma kinapoanzia. Nimelelewa katika nyumba ambayo kila kitu kilinunuliwa kwa sababu ya uimara, kuanzia sufuria hadi viatu vya shule, kwa hiyo kumiliki kitu kilichoundwa kwa uangalifu wa namna hiyo kulinipa furaha ambayo hadi leo siionei haya.

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupanga. Ninashughulikia vyumba 41 katika majengo matatu, mawili yakiwa Umoja na moja likiwa Kayole, kwa niaba ya mama mmoja anayeishi Machakos. Wapangaji hulipa kodi kufikia tarehe 5 ya kila mwezi kwa M-Pesa, na siku hiyo simu yangu hupokea ujumbe na miito tangu alfajiri hadi usiku. Tarehe 5 Agosti, ikiwa ni kodi ya kwanza tangu nibadilishe simu, nilikuwa kwenye ghorofa ya nne kule Kayole ilipozima saa nane na dakika kumi mchana. Mpangaji mmoja alikuwa amesimama mlangoni akiniambia kwamba ametuma pesa nusu saa iliyopita, nami sikuwa na namna ya kuthibitisha. Wakati huohuo, mama mwenye nyumba alikuwa akinipigia bila kunipata, na kwa kuwa alikuwa akisubiri pesa hizo alipie karo ya mjukuu wake, aliingiwa na hofu kwamba nimepatwa na jambo. Nilipofanikiwa kumpigia jioni, aliniambia kwa upole, "Binti yangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Methali ile iliniuma, na nilipoitafakari usiku ule niliona kwamba haikuwa ya haki. Ndani ya simu yangu hamkuwa na kipande cha mti. Ilifungua programu kwa haraka, sauti yake ilisikika vizuri hata kando ya barabara yenye kelele za matatu, na picha zake za mchana zilikuwa nzuri kuliko za simu yoyote niliyowahi kushika. Kilichopungua ni nafasi. Betri ni kitu chenye ujazo, na anayeunda simu nyembamba hana budi kuipunguza betri, hivyo yangu ina mAh 3,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba) ilhali simu ya jirani yangu, ambayo bei yake haifiki nusu ya yangu, ina mAh 5,000. Kwa sababu hiyohiyo ya wembamba, simu yangu haina tundu la vifaa vya kusikilizia, haina mahali pa kadi ya kumbukumbu, na hupokea laini moja tu. Kabla sijaamua kuiuza, nilitaka kujua kwanza chaji inakwenda wapi.

Kwa siku saba niliandika katika daftari, kila baada ya saa moja, asilimia iliyobaki, mahali nilipokuwa na nilichokuwa nikifanya. Nilidhani ningegundua kwamba mkosaji ni skrini. Skrini ilikuwa na sehemu yake, hasa nilipokuwa nikitembea juani na mwanga wake ukapanda wenyewe hadi juu kabisa, lakini saa mbaya kuliko zote zilikuwa zile nilizokuwa ndani ya jengo la Kayole, ambako korido ni za mawe na mtandao hufika kwa shida. Siku moja ilishuka kutoka asilimia 64 hadi 41 kwa saa moja, na katika saa hiyo niliigusa mara mbili tu. Simu inapokuwa mbali na mnara au nyuma ya kuta nene, huongeza nguvu ya kurusha mawimbi na huendelea kutafuta mtandao bila kupumzika, na kazi hiyo hula betri hata ikiwa imelala mfukoni. Ugunduzi huu ulibadilisha kila kitu, kwa maana nilikuwa nimeanza kupunguza mambo ninayoyapenda, kama vile kuangalia picha za ndugu zangu, ilhali hasara kubwa ilitokea nikiwa sifanyi chochote.

Nikanunua kabambe kwa shilingi 1,800, ile ya vitufe ambayo wengine huiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, na nikahamishia humo laini ya kazi. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu M-Pesa, kisha nikakumbuka kwamba huduma hiyo ilipoanza Machi 2007 ilikaa ndani ya menyu ya kadi ya simu, na watu wengi walioitumia wakati huo walikuwa na simu za vitufe zisizo na intaneti. Kodi zote 41 huingia kwenye kabambe bila tatizo. Kuhusu WhatsApp, ambayo wapangaji walikuwa wamezoea kunitumia picha za mabomba yanayovuja kupitia namba ileile ya kazi, sikulazimika kubadilisha chochote. Akaunti ilibaki kwenye simu nzuri ingawa kadi yenyewe imo kwenye nyingine, na tarakimu za uthibitisho zikihitajika hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye kabambe. Sasa nikiingia Kayole naiweka ile simu nyembamba katika hali ya ndege, kisha naifungua nikitoka barabarani. Nikiwa mle ndani, atakayenitafuta kwa jambo la kazi atanipata kwenye kabambe, ambayo chaji yake hudumu siku nne.

Pawabanki nilijaribu, na sikuipenda. Kuifunga simu ya milimita 7 kwenye kitu kizito kama tofali ni kuinyang'anya kile nilichoilipia, na vyote viwili vikikaa pamoja ndani ya mkoba hupata joto, jambo ambalo huichakaza betri ya lithiamu mapema. Pawabanki hiyo naiweka nyumbani kwa siku ambazo stima imepotea.

Kamera ilinisumbua kwa namna nyingine. Kila mwisho wa mwezi hupiga picha za mita za maji, ambazo zimo ndani ya visanduku chini ya ngazi, na picha nilizopiga kwa karibu zilitoka na ukungu hata tarakimu hazikusomeka. Nililaumu giza, nikawa nabeba tochi, lakini hali haikubadilika. Tatizo lilikuwa umbali, kwa kuwa lenzi ile haiwezi kukiona vizuri kitu kilicho chini ya kama sentimita kumi. Nilipojifunza kurudi nyuma kiasi cha urefu wa mkono na kuivuta picha mara mbili kwenye skrini, tarakimu zilitoka safi. Picha hizo hujaza kumbukumbu upesi, hivyo kila Jumapili naenda saiba iliyo karibu na kanisa letu kuzihamishia kwenye diski, na hilo limebaki kuwa usumbufu ambao sijaupatia dawa.

Redio niliikosa zaidi ya nilivyotarajia. Simu nyingi zenye redio hutumia waya wa vifaa vya kusikilizia kama antena, kwa hiyo palipoondolewa tundu, redio nayo iliondoka. Ningeweza kusikiliza kwa bando, lakini kulipia intaneti ili nisikie taarifa ya habari ya jioni, ambayo inapita hewani bure juu ya paa langu, kulinikera. Redio ndogo ya betri sasa inakaa jikoni, na nimegundua kwamba watoto wangu husikiliza pamoja nami, jambo ambalo halikuwezekana sauti ilipokuwa ndani ya masikio yangu peke yangu.

Kilichobaki ni kuulinda urembo wenyewe. Kioo cha kawaida cha kinga hakishiki kwenye skrini iliyopinda, hubanduka pembeni baada ya siku mbili. Nilirudi Luthuli kwa fundi mmoja kijana, ambaye alimimina gundi ya majimaji juu ya skrini, akalaza kioo polepole hadi mapovu yote yakatoka, kisha akaimulika kwa taa ya zambarau mpaka gundi ikakauka. Alipomaliza aliigeuza mkononi, akaniambia, "Madam, hii ni simu ya kuvaa, si ya kufanyia kazi." Nilimwonyesha kabambe iliyokuwa mkobani, naye akatikisa kichwa kukubali. Alinishauri nisiitoe ndani ya matatu nikiwa nimekaa dirishani, hasa magari yanaposimama kwenye msongamano, ushauri ambao kila mkazi wa Nairobi anaujua, nami naufuata.

Tarehe 5 ya mwezi huu nilikuwa Kayole hadi saa kumi na mbili jioni. Kodi 38 zilikuwa zimeingia, na tatu nilizokuwa bado nazisubiri wenyewe walikuwa wamenipigia kuomba siku mbili. Nilimpigia mama mwenye nyumba kwa kabambe nikampa hesabu, kisha nikashuka ngazi, nikaitoa simu nyembamba katika hali ya ndege. Ilikuwa na asilimia 57. Jua lilikuwa likizama nyuma ya majengo, na kioo cha mgongo wake kilikuwa kimegeuka zambarau kabisa.